Mama alisema kichwa kinawaka, faili likasema nini?

Swali la msomaji: "Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa utabibu, mwaka wa tatu, na niko kwenye mafunzo ya kazi katika hospitali moja huku Eastlands. Juzi mama wa makamo alikuja akasema kichwa kinawaka moto, moyo ni mzito kama jiwe, na kuna vitu vinamtembea mgongoni. Mkubwa wangu alitabasamu, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hajui kujieleza, akampa dawa ya maumivu. Nilipouliza, niliambiwa sayansi haina kabila wala lugha, lugha ni chombo tu cha kubebea ukweli. Je, ni kweli? Au haya mambo ya lugha na ubaguzi ni visingizio vya watu wa sanaa?"

Binti yangu, mimi ni mmoja wa hao watu wa sanaa, kwa hivyo nisome kwa tahadhari. Nimefundisha isimujamii, yaani taaluma ya lugha na jamii, hapa Nairobi kwa miaka mingi na najua wenzangu hupenda kuona ukoloni hata kwenye kikombe cha chai.

Mkubwa wako amesema nusu ya kweli. Kimelea cha malaria hakimuulizi mtu kabila lake. Lakini kimelea si sayansi. Sayansi ni yale ambayo watu wamesema, wakaandika na wakakubaliana kuhusu kimelea, na watu hao wana lugha yao, mazoea yao, na mlango wenye bawabu. Wanaisimu huliita kundi la namna hiyo jumuiya ya diskosi, yaani watu wanaounganishwa na namna yao ya kusema na kuandika. Lugha ya makundi kama hayo wewe uliisoma shuleni. Kidato cha tatu ulikaririshwa sajili, yaani lugha ya mahali au kazi fulani: ya hospitali, ya mahakamani, ya matatuni. Ukazitaja sifa zake katika karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE, ukapata alama zako, ukasahau. Nasikitika kwamba tunaifundisha sajili kama orodha ya msamiati, kwa sababu kazi yake kubwa ni nyingine. Makanga akigonga bati la gari, dereva anaelewa bila maelezo, na abiria mgeni anashtuka. Sajili humfundisha mtu nini cha kusikia na nini cha kuacha kipite kama kelele. Miaka mitatu uliyokaa chuoni, hicho ndicho ulichokuwa ukifundishwa. Usikionee haya. Bila hicho, hakuna daktari angeweza kumpokea mwenzake zamu ya usiku.

Daktari mmoja Myahudi wa mji wa Lwów, uliokuwa Poland wakati huo, alilieleza hili vizuri kuliko yeyote niliyemsoma. Ludwik Fleck alikuwa mtu wa maabara, na mwaka 1935 alitoa kitabu kuhusu kipimo cha kaswende kilichobuniwa na Wassermann na wenzake mwaka 1906. Alionyesha kwamba ukweli uliokuja kuaminika kote kuhusu kipimo kile haukuonwa na jicho moja siku moja. Ulifinyangwa na kundi zima la watu wa maabara waliozoeana, wakarekebishana mikono na macho mpaka wakaona kitu kimoja. Mwanafunzi akiinamia hadubini mara ya kwanza huona madoa. Kundi ndilo humfundisha kuona ugonjwa. Na kipimo chenyewe kilikuwa kikitoa jibu la "ndiyo" hata kwa baadhi ya wagonjwa wa malaria na ukoma.

Usiende Lwów, kaa hapa mtaani. Mara ngapi umemsikia mtu akisema "nimepimwa, nina malaria na taifodi"? Huyatamka kama jina na ubini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi yake haimpi mbu nafasi nzuri ya kueneza malaria, na wengi wanaougua hapa wameibeba kutoka safari ya nyumbani au ya pwani. Kipimo cha Widal, ambacho ndicho hutumika sana kusema mtu ana taifodi, ni cha mwaka 1896, na hutafuta kingamwili. Kingamwili zinaweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani, au kuamshwa na vijidudu vingine kabisa. Jibu moja la Widal halithibitishi mengi, na wewe umefundishwa hivyo darasani. Lakini mgonjwa anataka jina la kumpelekea mkewe, mtu wa maabara ana karatasi ya kujaza, mwenye duka la dawa ana vidonge. Wote watatu wanasema lugha moja, na mwisho wake ugonjwa unapatikana. Hakuna aliyedanganya. Jambo hili hunitisha kuliko uongo.

Hapo hatujafika kwenye ubaguzi bado. Tuipande Barabara ya Thika mpaka Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili.

Hospitali ile ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui, na mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Miaka ya 1930 daktari wake mmoja, H. L. Gordon, aliamini kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa. Mwaka 1933 walowezi na madaktari waliunda hapa Nairobi chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari", na mwaka 1934 mwanapatholojia F. W. Vint akachapisha, katika jarida la anatomia linaloheshimika huko Uingereza, vipimo vya bongo za Waafrika waliofia hospitalini. Alizilinganisha na wastani wa Wazungu, akasema ni nyepesi na tabaka lake la nje ni jembamba. Gramu na milimita, majedwali, lugha safi ya maabara. Hakuna tusi hata moja. Serikali ya Uingereza haikukubali kuugharamia utafiti zaidi, na chama kikafifia kabla ya mwisho wa muongo.

Aliyefuata ndiye anayehusu swali lako. J. C. Carothers alipewa Mathari mwaka 1938, akakaa mpaka 1950. Alianza bila mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili, alikuwa tabibu wa wilaya tu. Kwa tabia, wanasema, hakuwa mtu mkali. Alifanya ambalo mtafiti yeyote angefanya: alifungua rejista za hospitali yake akahesabu. Akaona kwamba Waafrika wanaolazwa ni wachache, na kwamba ugonjwa wa huzuni nzito, ule mnaouita dipresheni, karibu haupo miongoni mwao. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, na humo akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo.

Sasa jiulize: mwaka 1940, nani alikuwa akipelekwa Mathari? Aliyechoma nyumba. Aliyetembea uchi sokoni. Aliyemrushia chifu mawe. Polisi walimfunga kamba, wakamleta. Mama wa Murang'a aliyekosa usingizi miezi sita, anayelima huku machozi yanamtoka, anayesema moyo wake ni mzito, huyo alibaki shambani. Hakumsumbua mtu mwenye mamlaka ya kumpandisha gari. Carothers alihesabu walioletwa akadhani amehesabu walio wagonjwa. Hata mama yule angefika mezani kwake, daktari alikuwa akitafuta dalili alizofundishwa na vitabu vya kwao: mgonjwa anayejilaumu, anayesema hana thamani, anayesimulia hisia zake kama mtu anayesoma shajara. Asiyesema hivyo, hakuhesabiwa kuwa na huzuni. Alihesabiwa kuwa hana kina.

Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo. Watu wengi hudhani kasumba huingia kwenye sayansi kama uongo, na kwamba dawa yake ni kuongeza takwimu. Takwimu Carothers alikuwa nazo. Kasumba iliingia kama swali ambalo halikuhitaji kuulizwa. Kwa nini uchunguze kilichobaki kijijini, kama tayari kila mtu kwenye klabu, kwenye jarida na kwenye wizara anajua kwamba Mwafrika hana mawazo mengi?

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamwita tena aandike kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi wakageuka kuwa watu wenye msukosuko wa nafsi, waliokwama kati ya ukale na usasa. Ukimpa mtu ugonjwa, huna haja ya kujadiliana naye kuhusu shamba. Ripoti iliunga mkono mpango wa kuwakusanya Wakikuyu vijijini, na zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa wakazungushiwa ua wa miti iliyochongwa. Sijui mfano mwingine wa hapa kwetu ambapo msamiati wa kitabibu ulitembea umbali mrefu hivyo.

Nani aliyemjibu Carothers? Daktari wa akili wa Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyeendesha hospitali ya Aro kule Abeokuta, aliandika miaka ya 1950 kwamba kazi za namna hii zilikaribia riwaya zilizovishwa koti la sayansi. Frantz Fanon, daktari wa akili na mwandishi aliyepinga ukoloni, alimtaja Carothers kwa jina mwaka 1961. Lakini kilichonivutia zaidi ni utafiti ambao Lambo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 1963. Walitoka hospitalini wakaenda kwa Wayoruba vijijini na mjini. Wakakuta kwamba lugha ya Kiyoruba haina neno moja la dipresheni, ila dalili zake, moja moja, watu wanazijua na wanazieleza, na ni za kawaida sana. Ugonjwa ulikuwepo wakati wote. Haukuwa umeulizwa kwa lugha yake.

Kwa hivyo mama yako wa kichwa kinachowaka hakushindwa kujieleza. Huko Zimbabwe Washona husema *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, na neno hilo tangu 2013 limo katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Sisi tunasema "ana mawazo", na kila mtu Nairobi anajua kwamba hayo si mawazo ya kutunga shairi. Watanzania wana *sonona*, neno zuri ambalo huku kwetu halijashika, na magazeti yetu huandika "msongo wa mawazo" kwa kila kitu, kuanzia hofu ya mtihani hadi mtu anayetaka kujiua. Jaribu kutafsiri swali la hojaji linalomuuliza mgonjwa kama amekuwa "akijisikia chini". Chini wapi? Atakuambia analala kwenye godoro sakafuni.

Na kuhusu lile lililoandikwa kwenye faili: najua msemo wa Kiingereza uliotumika, *poor historian*, maana hospitali nyingi duniani zinao. Ukiutafsiri neno kwa neno, unasema mgonjwa ni mwanahistoria mbaya. Hunichekesha kila mara, kwa sababu aliyeshika kalamu na kuandika historia ni daktari.

Utaniambia Carothers amekufa na ukoloni umekwisha. Basi chukua kile kifaa unachombana nacho mgonjwa kidoleni kupima oksijeni. Hupitisha mwanga kwenye ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikuwa kikificha upungufu hatari wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Hakuna mbaguzi aliyekaa kiwandani akipanga hilo. Kifaa kilizoeshwa zaidi ngozi nyeupe, na namba ikitoka kwenye skrini haina lafudhi, kwa hivyo hakuna aliyeitilia shaka. Ukiwa zamu na namba inakuambia mgonjwa yuko sawa lakini midomo na pumzi zake zinakataa, mtazame mgonjwa.

Nisipogeuza kidole upande wetu sasa nitakuwa mnafiki. Kiswahili nacho kina yake. Tunasema "mbegu za kiume". Mbegu ni mche mzima uliojikunja, haudai chochote isipokuwa udongo. Anayesema mbegu ya kiume amekwisha kusema kwamba mwanamke ni shamba. Ilhali yai la mamalia lilionekana kwa hadubini mwaka 1827, na tunajua kila upande huleta nusu. Kama tungefuata biolojia, kilicho sawa na chavua, ule unga wa maua, tungekiita chavua. Matokeo yake unayaona kliniki: mtoto asipopatikana, mke ndiye anayeletwa, tena na mama mkwe. Tuna neno *tasa*, na watu wakilisikia hufikiria mwanamke au ng'ombe. Tatizo la upande wa mume huchangia katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, lakini huyo mume yuko nje kwenye benchi anasoma gazeti.

Na neno *ustaarabu*! Mtu akitukanwa kwenye matatu husema "ongea kistaarabu", bila kufikiri kwamba neno lenyewe limezaliwa na Uarabu. Kabla yake Waswahili walijivunia *uungwana*. Nadhani mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kufukua magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, mwaka 1948, hakuwa na haja ya kujifunza neno *ustaarabu* ili afikiri kwamba ustaarabu hutoka kwa Waarabu. Kitabu chake cha 1954 kiliita Gedi mji wa Kiarabu kwenye jalada lenyewe. Swali la nani aliujenga lilikuwa limejibiwa kabla koleo halijaingia ardhini. Miaka ya 1980 uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, ulikuta chini ya misikiti ya mawe misikiti midogo ya miti na udongo, ya kuanzia karne ya 8, kwenye mji uliokua polepole mahali pake. Kisha mwaka 2023 ukaja utafiti wa vinasaba vya mifupa ya pwani, ukawaudhi watu wa pande zote: upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na wengi wa akina baba wa mbali walitoka Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Waliotaka Waarabu hawakupata, waliotaka usafi wa damu nao hawakupata.

Onyo dogo hapa, maana wanafunzi wangu hulevywa na mada hii. Kila muhula mmoja huniandikia kwamba *kipofu*, *kiziwi* na *kiwete* zimewekwa katika ngeli ya KI-VI kwa sababu Waswahili waliwaona walemavu kuwa vitu. Nami humuuliza kuhusu *kijana* na *kiongozi*. Tena tunasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Huenda kuna kitu, kiambishi ki- kinaweza kudunisha, lakini umbo la neno peke yake si ushahidi wa moyo wa msemaji. Aliyefundishwa kushuku lazima ashuku na shaka zake.

Ndiyo maana siwezi kumaliza bila Erasto Mpemba. Mwaka 1963, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ikigombaniwa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa kule Iringa, mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likapata kichekesho cha mwaka. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, Mpemba akauliza tena mbele ya watu, wakacheka tena. Osborne alirudi Dar akampa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja.

Wengi husimulia hadithi hii wakaishia hapo, wakapiga makofi. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio kwa uangalifu na hawakuona athari hiyo, wakasema kuhamisha kipimajoto kidogo tu kunaweza kubadilisha matokeo, na wengine wakawapinga. Mpaka leo wanabishana. Kuchekwa hakukumfanya Mpemba awe sahihi. Kulichelewesha kujua. Yule mwalimu hakuwa na kosa la kutilia shaka. Kosa lake ni kwamba alitilia shaka mtu, akaacha maziwa bila kuyapima, na jokofu lilikuwa pale pale shuleni.

Sasa rudi wodini. Sijui mama yako ana nini, na wewe hujui. Huenda ni mawazo, huenda ni presha, huenda ni shingo, huenda ni kitu ambacho dawa ya maumivu ingekitosha kweli. Usimgombeze mkubwa wako kwa Fanon, utamaliza mafunzo yako ukiwa umenuniwa bure. Fanya jambo dogo: mgonjwa anapoanza kusema, andika kwanza maneno yake kama alivyoyatamka, kwa Kiswahili au lugha yoyote, ndani ya alama za kunukuu. Mstari wa pili ndipo uandike tafsiri yako ya kitabibu. Ukikosea tafsiri, atakayeshika faili baada yako atakuwa na kitu cha kurudia.

Na mama akija kuonwa tena, mpime presha, kisha vuta kiti umuulize: kichwa kikianza kuwaka, huwa ni saa ngapi, na huwa uko na nani nyumbani?